Historia Ivukayo Ziwa: Kozi ya Lazima ya Utamaduni na Historia Chuo Kikuu, kwa Mfano wa Kenani na Mwambao wa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kozi za lazima za utamaduni na historia zilivyopata nafasi katika vyuo vikuu, kazi zilizokusudiwa kuifanya, na sababu zinazozifanya zimwache kando mwanafunzi ambaye maisha yake yamevuka mpaka. Mfano unaotumika ni wa vijana waliopitia Kenani, wilayani Nchelenge, kwenye mwambao wa ziwa Mweru nchini Zambia. Inajengwa hoja kwamba marekebisho ya kozi hizi hayatatosha iwapo yataishia katika kuongeza na kupunguza mada. Yanapaswa kugusa ukubwa wa eneo linalosomwa na lugha ambamo ushahidi wa historia unasomwa.

1.0 Utangulizi

Kuanzia Agosti 2017 mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yaliwasukuma maelfu ya watu kuingia mkoa wa Luapula nchini Zambia. Wengi walitoka eneo la Pweto, mahali ambapo mto Luvua unaanzia katika ziwa Mweru. Walipokelewa Kenani, katika kituo kilichokusudiwa kuwa cha muda. Mapema mwaka 2018 walianza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, katika wilaya hiyohiyo ya Nchelenge, yaliyopangwa ili wageni na wenyeji watumie pamoja shule na zahanati.

Mtoto aliyefika Kenani akiwa na umri wa miaka 10 alitimiza miaka 18 mwaka 2025. Huo ni umri wa kufikiria chuo kikuu. Ni kweli kwamba wakimbizi wanaofika huko ni wachache mno, na ndiyo maana Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi limejiwekea lengo la kuona asilimia 15 ya vijana wakimbizi wakipata elimu ya juu ifikapo mwaka 2030. Ufadhili wa DAFI, unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani, umekuwapo tangu 1992. Kwa hiyo swali la kwamba kijana huyu atakuta nini darasani si la kuwaza tu.

Vikwazo vya ada, vyeti na lugha ya kufundishia vimejadiliwa na wengi, nasi hatutavirudia. Makala haya yanashughulikia kikwazo kidogo zaidi, ambacho hukaa katika muhula wa kwanza kabisa: ile kozi ambayo kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au wa uuguzi, hulazimika kuisoma ili aijue jamii yake. Wengi wetu tumewahi kuifundisha kozi ya aina hiyo, mara nyingi katika ukumbi uliojaa kupita kiasi, mbele ya wanafunzi waliokuja kutia saini ya mahudhurio. Wachache tumejiuliza neno “yake” katika maelezo ya kozi hiyo linamhusu nani.

2.0 Kozi ya wote ilitoka wapi

Wazo la kumlazimisha kila mwanafunzi asome utamaduni na historia lina asili ya kisiasa, na halipaswi kuonewa haya kwa sababu hiyo. Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, kilianzisha kozi yake mashuhuri ya ustaarabu wa kisasa mwaka 1919. Ilitokana na kozi iliyowaeleza wanafunzi sababu za vita ambavyo Marekani ilikuwa imepigana. Takribani miaka 70 baadaye, mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Stanford kiliamua kuifuta kozi yake ya lazima ya utamaduni wa Magharibi na kuweka nyingine yenye upeo mpana zaidi, baada ya mabishano yaliyofika magazetini. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: kinachowekwa katika kozi ya lazima ndicho chuo kinachotangaza kuwa ni cha watu wote.

Kwetu mfano ulio wazi zaidi ni wa Dar es Salaam. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakafukuzwa masomoni. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha. Mwezi uliofuata chuo kiliitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa, na katika mkondo huo wa mawazo ikazaliwa kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa fani zote. Kozi hiyo ilikua hatimaye kuwa Taaluma za Maendeleo, na mwaka 1973 ikapewa taasisi yake. Lengo halikufichwa: msomi asijitenge na mkulima aliyemlipia karo.

Wakati huohuo Nairobi swali liliulizwa kwa njia nyingine. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kufutwa kwa Idara ya Kiingereza na kuwekwa idara ambayo fasihi ya Kiafrika ingekuwa kitovu chake. Hoja yao ilihusu idara moja, lakini kanuni waliyoiweka ni pana: mwanafunzi aanze na mahali aliposimama, kisha atazame nje.

Kanuni hiyo ni nzuri. Tatizo lake hujitokeza mara tu tunapouliza mahali hapo panaishia wapi. Mwaka 1998 swali hilo lilimgonganisha Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Alikuwa ameombwa kuandaa kozi ya msingi kuhusu Afrika kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Rasimu yake haikukubaliwa, na kozi iliyowekwa mahali pake aliilaumu kwa kuitenga Afrika Kusini na bara lililobaki, na kwa kuwapuuza wasomi wa Kiafrika waliokuwa wameandika juu ya bara hilo. Mzozo ule kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa watu wawili watatu. Mimi nausoma kama ugomvi juu ya ramani.

Katika vyuo vyetu vingi ramani ya kozi ya lazima ni ya taifa. Congo wanafunzi husoma elimu ya uraia. Tanzania sasa ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo ni la lazima shuleni na hufundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo wanafunzi watakaoingia vyuoni miaka ijayo watakuwa wamelelewa nalo. Hakuna ubaya katika nchi kujifundisha habari zake. Hata hivyo, historia iliyokatwa kwa umbo la nchi hubaki na vipande vilivyoanguka nje ya mkasi, na mwambao wa Mweru ni kimojawapo.

3.0 Ziwa na watu wake

Mpaka unaopita katika mto Luapula na ziwa Mweru uliwekwa kwa mapatano ya Waingereza na utawala wa Mfalme Leopold II mwaka 1894. Kabla ya hapo mto ule haukuwa ukuta. Ufalme wa Mwata Kazembe, uliotokana na Walunda wa Mwata Yamvo upande wa magharibi, ulikuwa na watu na mahusiano ng'ambo zote mbili. Mji wake mkuu wa leo, Mwansabombwe, uko Zambia. Kila mwezi Julai huko hufanyika sherehe ya Mutomboko, ambapo Mwata hucheza ngoma ya ushindi mbele ya watu wake.

Kuna kisa kinachosimuliwa kila mahali katika bonde la Luapula. Nkuba, mtawala wa Washila waliokuwa wavuvi wa ziwa, alimuua mtoto wa dada yake, Nachituti. Kwa uchungu Nachituti alikwenda kwa Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipouawa, mama huyo alimkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Mwanahistoria David Gordon alikifanya kisa hiki kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu umiliki wa uvuvi katika Mweru na Luapula, na alionyesha kwamba bado kina kazi: hutumiwa kueleza nani ana haki juu ya ardhi na nani juu ya maji.

Mwalimu wa kozi ya lazima angeweza kukitumia kisa hiki kwa majuma matatu bila kukimaliza. Ndani yake mna sheria ya ardhi, nafasi ya mwanamke katika ukoo wa kikeni, namna mgeni anavyohalalisha utawala wake, na swali la lini simulizi ni ushahidi na lini ni hati ya kudai mali. Mwanafunzi wa uhandisi wa maji angepata humo jambo la kufikiri. Mwanafunzi kutoka Pweto naye asingekuwa mgeni wa somo, kwa kuwa maji yaliyomo katika chungu kile ndiyo aliyoyaona tangu utotoni.

Ifuatayo ni habari ya migodi na samaki. Kampuni ya Union Minière ilipoanza kuchimba shaba Katanga mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa ya wafanyakazi wake wa awali walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Luapula ikiwamo. Samaki wa Mweru na Luapula walilisha kambi za wafanyakazi Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, na wachuuzi wa Kigiriki waliokaa Kasenga walitajirika kwa biashara hiyo. Mwelwa Musambachime, mwanahistoria wa Zambia, aliieleza kwa kina. Kutokana na mkusanyiko huo wa watu, Kiswahili cha Katanga kilijaa Kibemba katika msamiati na katika sarufi yake. Mtu wa Nchelenge anayesema haelewi Kiswahili cha wageni wa Mantapala hushangaa anapoambiwa ni maneno mangapi kati ya hayo yalitoka kwao.

Kuvuka nako si kwa mara ya kwanza. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka mikononi mwa waasi na majeshi ya Rwanda, maelfu walikimbilia Zambia na kuishi katika kambi kama Kala na Mwange kwa miaka mingi. Katika historia iliyogawanywa kwa mataifa, tukio hilo huwa tanbihi katika kitabu cha Kongo na tanbihi nyingine katika kitabu cha Zambia.

4.0 Ushahidi ulioandikwa kwa Kiswahili

Pingamizi linalosikika mara kwa mara ni kwamba hakuna matini za kufundishia, hasa kwa Kiswahili. Kwa ukanda huu pingamizi hilo halina msingi.

Ya kwanza ni maisha ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Heinrich Brode aliyachapisha Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na baadaye W. H. Whiteley akatoa chapa iliyosomwa sana Afrika Mashariki. Humo mna habari ya vita vyake vya 1867 dhidi ya Nsama wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Livingstone alipita maeneo hayohayo mwaka huohuo, akafika ziwa Mweru mwezi Novemba, na kwa Kazembe akamkuta mfanyabiashara Mohamed bin Saleh aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Mwanafunzi akiweka masimulizi hayo sambamba atajifunza kupima chanzo kwa chanzo, ujuzi ambao maelezo ya kozi zetu huuahidi na mitihani yetu haiupimi.

Matini hii ina uchungu wake. Mwandishi ni mfanyabiashara ya pembe na watumwa, naye hasemi kwa majuto. Kwa wazee wengi wa Luapula, Kiswahili ni lugha iliyokuja na bunduki na minyororo. Kozi inayokitukuza Kiswahili kama lugha ya umoja bila kumsoma Tippu Tip itakuwa inawadanganya wanafunzi wake, na wale wa Nchelenge watakuwa wa kwanza kuugundua uongo huo.

Ya pili inatoka upande wa chini kabisa wa jamii. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumba ya wazungu, aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha Katanga. Ilirudufiwa kwa nakala chache, na ingepotea kama Johannes Fabian asingeichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Tahajia yake si sanifu, maneno yameunganishwa, na alama za uandishi ni haba. Mhadhiri wa Dar es Salaam huhangaika nayo. Kijana aliyekulia Pweto akiisoma kwa sauti ataielewa kabla ya mhadhiri wake. Ni mara chache kozi ya lazima humpa mkimbizi nafasi ya kuwa mjuzi darasani, na hapa nafasi hiyo inatokana na ujuzi halisi, wala haitolewi kwa huruma.

Ya tatu si kitabu. Kati ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia ya nchi yake katika mfululizo wa picha takriban 100, akaieleza kila picha kwa Kiswahili katika mazungumzo na Fabian. Mazungumzo hayo yalitolewa kitabuni mwaka 1996. Anayetaka kufundisha utamaduni na historia kwa pamoja, badala ya kuviweka katika nusu mbili za muhula zisizosalimiana, ana mfano kamili hapa.

Kando ya hizi ipo *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, historia ya Walunda wa Kazembe iliyotungwa kwa Kibemba na Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, akisaidiana na padre Labrecque, na kuchapishwa mwaka 1951. Naitaja kwa sababu ya hatari iliyo wazi: sisi watu wa makongamano ya Kiswahili tunaweza kuja Luapula na kufanya kile ambacho tumekilalamikia Kiingereza kwa miaka 60. Kibemba ndiyo lugha ya mwambao ule. Kiswahili kiingie kwa sababu ya ushahidi kilichoubeba na watu wanaokizungumza, na kikae ubavuni mwa Kibemba.

5.0 Kozi itakavyokuwa

Kinachopendekezwa ni kozi ya muhula mmoja, inayochukua nafasi ya iliyopo bila kuongeza mzigo. Iwe na eneo moja la kihistoria linalochaguliwa na chuo chenyewe, kwa sharti kwamba eneo hilo livuke angalau mpaka mmoja wa nchi. Chuo cha Zambia kinaweza kuchagua Mweru na Luapula. Cha Kigoma au Kalemie kinaweza kuchagua Tanganyika, cha Mombasa kikachagua bahari pamoja na Omani. Taifa litasomwa ndani ya eneo hilo kama mojawapo ya mambo yaliyotokea, likiwa na tarehe yake na sababu zake.

Mwanafunzi asome angalau matini moja katika lugha iliyoandikiwa. Asiyeijua lugha hiyo awekwe kundi moja na anayeijua. Mtihani wa kuchagua jibu uachwe, kwa kuwa hauwezi kupima kazi ya aina hii, na badala yake kila kundi lipewe dai moja la kulichunguza. Mfano mzuri uko ziwani kwenyewe: kuna kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia, na mji wa Kilwa upande wa Kongo. Kila mwanafunzi atakimbilia Kilwa Kisiwani ya pwani. Aambiwe kwamba kufanana kwa majina si ushahidi, kisha atumwe akatafute maana ya neno hilo katika lugha za wavuvi kabla ya kuleta Waswahili ziwani kwa nguvu ya sikio lake.

Ipo pia faida ya kiutawala, na huenda ndiyo itakayoyashawishi mabaraza ya vyuo kuliko hoja zote zilizotangulia. Mwanafunzi anapohama chuo kwa kulazimika, krediti za hisabati au kemia huweza kulinganishwa mada kwa mada. Kozi ya uraia wa nchi moja hailinganishwi na ya nchi nyingine. Anayehama huianza upya, na kwa mkimbizi anayelipiwa kwa miaka iliyohesabiwa, muhula wa ziada unaweza kumkatisha masomo. Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, na Kongo ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2022. Zambia haimo. Hata hivyo Zambia, Kongo na Tanzania zote ni wanachama wa SADC, ambayo tangu Agosti 2019 imekipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kozi inayopimwa kwa ujuzi wa kusoma vyanzo, badala ya habari za nchi moja, ingeweza kutambuliwa pande zote za ziwa.

Walimu wa kuifundisha wapo, ingawa hawako mahali pamoja. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam imefundisha kwa Kiswahili tangu 1970, Lubumbashi ina wajuzi wa Kiswahili cha Katanga, na Lusaka ina wanahistoria wa Luapula. Kinachokosekana ni mkusanyiko mmoja wa matini fupi zenye maelezo, kwa Kiswahili na Kibemba, wenye kurasa zisizozidi 150 ili uweze kurudufiwa kwa bei nafuu. Idara tatu zikigawana kazi zinaweza kuukamilisha katika kipindi cha kongamano moja hadi lingine. Kazi ianze na kisa cha Nachituti, na kirekodiwe upya pande zote mbili, Nchelenge na Pweto, ili wanafunzi wa mwaka wa kwanza wayakute masimulizi hayo yakiwa yamepishana.